Ofisi Mbili Zikiungana, Faili za Wateja Zinakwenda Wapi?

Ukipanda ngazi za majengo ya Mumias South Road kule Buruburu, au yale ya Umoja, Donholm na Kariobangi, utakuta ofisi ndogo zinazowawekea hesabu watu wa Eastlands hapa Nairobi. Wateja wao ni wenye hadiwea, wenye matatu, zahanati, shule za binafsi, makanisa, mafundi wa Kariobangi Light Industries, wenye ploti za kupangisha Pipeline na Kayole. Ofisi yenyewe mara nyingi ni mhasibu mmoja, wasaidizi watatu au wanne, kompyuta chache na ukuta mzima wa faili za boksi. Ofisi mbili za namna hii zikiamua kuungana, sababu huwa wazi: kodi ya ofisi inagawanywa, programu ya hesabu inanunuliwa mara moja, na mmoja akiugua mwezi wa Juni kazi haisimami.

Wenye ofisi hukaa wakakubaliana jina, mgawo wa faida na rangi ya bango. Suala la data huachiwa kijana wa kompyuta alimalize Jumamosi moja. Hapo ndipo wateja huumia. Ritani ya mtu inawasilishwa mara mbili au haiwasilishwi kabisa, mfanyakazi wa zahanati anakosa mchango wake wa NSSF, mteja wa miaka mingi anaambiwa hana faili. Nasema kwa mkazo: kwa wahasibu, mawakala wa ushuru, makatibu wa kampuni, mawakili na wasimamizi wa nyumba, muungano ni muungano wa kumbukumbu za wateja. Siku mtakapokuwa na orodha moja, iliyokubaliwa jina kwa jina na salio kwa salio, ndiyo siku mmeungana. Kabla ya hapo nyinyi ni majirani wenye bango moja.

Kampuni kubwa hupitia njia hii hii. Price Waterhouse na Coopers & Lybrand ziliungana mwaka 1998 zikawa PricewaterhouseCoopers; hapa Nairobi benki za NIC na CBA ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA. Zina idara nzima za kufanya kazi hiyo. Ofisi ya Umoja haina idara, lakini wajibu wake kwa mteja ni uleule.

Kizingiti cha milioni 5

Kabla ya kugusa kompyuta, jumlisheni mapato na wafanyakazi. Tuseme kila ofisi huingiza shilingi milioni 3 kwa mwaka na ina watu sita. Kila moja peke yake iko chini ya kiwango cha milioni 5 kinachomlazimu mtoa huduma kujisajili kwa VAT. Zikiungana zina milioni 6. Tangu hapo ankara zenu zinabeba asilimia 16 juu, na mteja aliyezoea kulipa elfu tano kwa mwezi atauliza mbona ni elfu tano na mia nane. Ni afadhali aambiwe mapema kuliko aione kwenye ankara.

Hesabu hiyohiyo inagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kanuni za usajili za 2021, zilizoanza kutumika Julai 2022, zinaisamehe biashara yenye mapato ya chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 isijisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ofisi mbili za watu sita ni watu kumi na wawili, kwa hiyo msamaha umekwisha. Tena kuna sekta ambazo hazikusamehewa hata zikiwa ndogo kiasi gani, zikiwemo huduma za fedha, afya, elimu na usimamizi wa nyumba. Kama mmoja wenu hukusanya kodi za nyumba kwa niaba ya wenye ploti, basi alipaswa kuwa amesajiliwa tangu mwanzo. Tazameni hilo kabla hamjaziweka kumbukumbu zake pamoja na za mwenzake.

Wapo wanaodhani sheria hii ni ya kampuni za simu na benki tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja wake. Hizo zilikuwa picha tu. Mhasibu ameshika namba za kitambulisho, mishahara, madeni, na wakati mwingine hati za talaka.

Data ziko wapi hasa

Anzeni kwa kuorodhesha kila mahali ambapo habari za wateja zimelala. Programu ya hesabu, iwe QuickBooks, Sage au Tally, ndiyo rahisi. Kila mtu anaikumbuka. Zaidi yake kuna majedwali ya Excel, mara nyingi jedwali moja kwa nakala nne zenye majina kama "mwisho" na "mwisho kabisa". Kuna flashi kwenye droo. Kuna vitabu vya risiti. Kuna risiti za mashine za ETR ambazo maandishi yake hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Hizo zipigwe picha kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kila mwezi zinaondoka na ushahidi wa mteja.

Halafu kuna WhatsApp. Katika ofisi zetu hapo ndipo nyaraka zilipo. Mwenye matatu hutuma picha ya bima, mwenye duka hutuma taarifa ya M-Pesa, mwalimu mkuu hutuma orodha ya walimu wapya, na yote huingia kwenye simu ya binafsi ya msaidizi mmoja. Msaidizi huyo asipokubali kuhamia ofisi mpya, anaondoka na nusu ya kumbukumbu mfukoni. Kaeni naye mapema, kwa heshima, mhamishe kila waraka hadi kwenye folda ya mteja husika, kisha mkubaliane kwa maandishi kwamba zilizobaki kwenye simu yake zimefutwa. Kaeni pia na yule dada wa mapokezi anayejua kwamba "Mama Brayo" na kampuni ya usafi ya Komarock ni mtu mmoja. Maarifa yake hayamo kwenye programu yoyote, na wiki moja ya kumsikiliza itawaokoa na miezi ya kutafuta.

Si kila kitu kihamishwe. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka kumbukumbu za ushuru zihifadhiwe miaka 5, na Sheria ya Kampuni ya mwaka huohuo inataka hesabu za kampuni zihifadhiwe miaka 7. Faili la mteja aliyefunga duka mwaka 2011, asiye na kesi wala deni la ushuru, halina kazi tena kwenu. Sheria ya data inakataza kushika habari za mtu kupita muda wa haja. Mrudishieni au mlichane vizuri. Kulitupa kwenye jalala la Dandora likiwa na nakala ya kitambulisho ndani ni hatari kwake na ni kosa kwenu.

Mteja mmoja, namba moja

Hapa ndipo penye kazi nzito, na hapa ndipo nawasihi mtumie muda mwingi kuliko pengine popote.

Majina hayatoshi kumtambua mtu. Ofisi moja imeandika Mohamed, nyingine Mohamud, na kwenye leseni ya biashara ya Eastleigh ni Maxamed. Moja imeanza na jina la baba, nyingine na la ubatizo. Biashara imeandikwa kwa jina la bango upande mmoja, kwa jina la mwenyewe upande wa pili. Namba ya simu nayo inadanganya, kwa sababu mume na mke hutumia moja, au mteja amebadilisha laini.

Uti wa mgongo wa orodha yenu uwe PIN ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Ina herufi moja, tarakimu tisa, na herufi ya mwisho. Inaanza na A kwa mtu binafsi na P kwa kampuni, kanisa au chama kilichosajiliwa. Chukueni orodha zote mbili, wekeni PIN kwenye safu ya kwanza, zipangeni, kisha mtazame zinazojirudia. Mkikuta PIN moja pande zote mbili, huyo ni mteja wenu wote: labda mmoja alimfanyia VAT na mwingine mishahara. Msiziunganishe faili zake papo hapo. Linganisheni kwanza, kwa sababu huenda kila ofisi ilipewa hadithi tofauti kidogo ya biashara ileile.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: mtu mwenye hadiwea, saluni na ploti, asiyeandikisha kampuni, ana PIN moja kwa zote tatu. Kwa ushuru ni mtu mmoja, lakini leja zake lazima zibaki tatu, la sivyo hatajua tena ni biashara gani inayomlisha. Wa pili ni kinyume chake: mwenye kampuni ana PIN yake ya A na kampuni ina ya P, huku simu, barua pepe na sahihi ni moja. Programu inayotafuta wateja wanaofanana itawaunganisha hao kuwa mmoja. Ikitokea hivyo, mapato ya kampuni yanaingia kwenye ritani ya mtu, na kumsafisha kwa KRA kunaweza kuchukua miezi.

Wakati wa kulinganisha orodha, tazameni pia kama mna wateja wanaogombana. Ofisi ya kwanza inamhudumia mwenye jengo, ya pili inamhudumia mpangaji anayemshtaki. Jana hilo halikuwa tatizo. Kesho faili zote mbili zitakuwa kwenye kompyuta moja. Lazima wajulishwe wote wawili, na mara nyingi mmoja itabidi aende kwingine. Mawakili wanalijua hili vizuri, wahasibu hulisahau.

Makosa madogo yanayoumiza

Excel hufuta sifuri ya mwanzo. Namba ya simu 0722 inakuwa 722, na namba ya akaunti ya benki iliyoanza na 01 inapungua. Safu hizo zifanyeni maandishi, si namba, kabla ya kubandika chochote. Kwa simu, andikeni zote kwa mfumo mmoja wa 254 ili 07 na 01 zisiwasumbue.

Tarehe ni mbaya zaidi kwa sababu kosa lake halionekani. Kompyuta moja imewekwa mpangilio wa Marekani, nyingine wa Kenya. Ankara ya 4/9/2024 kwa mmoja ni ya tarehe 4 Septemba, kwa mwingine ni ya tarehe 9 Aprili. Ikihamia hivyo, VAT ya Septemba inarudi Aprili. Andikeni mwezi kwa jina lake katika mafaili yote ya kuhamisha.

Mishahara inataka mtu anayekumbuka historia. NHIF, bima ya afya ya zamani, ilikatwa kwa viwango vya ngazi hadi SHA ilipochukua nafasi yake tarehe 1 Oktoba 2024, kwa asilimia 2.75 ya mshahara. Msiweke makato ya zamani ya NHIF kwenye safu ya SHA ili jedwali lipendeze. Ni michango miwili tofauti. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023, ukasimamishwa na mahakama Januari 2024, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Kwa hiyo mkiona Februari 2024 haina makato hayo, pengo hilo ni sahihi. Kijana asiyejua atalijaza kwa nia njema, na mwajiri ataonekana aliwakata wafanyakazi fedha akazila.

Siku ya kukata hesabu

Kalenda ya KRA ndiyo iwachagulie siku. PAYE hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT kufikia tarehe 20, na ritani za mwaka za watu binafsi kufikia 30 Juni. Asiwepo wa kuhamisha data kati ya Aprili na Juni. Kateni hesabu tarehe 31 Julai, malizeni PAYE na VAT kwenye mifumo ya zamani, kisha mhamishe kati ya tarehe 21 na 31 Agosti.

Hapo toeni urari wa kila mteja kutoka mfumo wa zamani, uchapishwe, na mhasibu aliyemhudumia atie sahihi. Baada ya kuhamisha, toeni urari wa mfumo mpya na muuweke kando ya ule wa kwanza. Lazima zilingane hadi shilingi ya mwisho. Tofauti ya shilingi mia mbili si ndogo. Inaweza kuwa ni makosa mawili ya laki moja yaliyokaribia kufutana. Kwa mauzo mna shahidi wa tatu pia: ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, ziko kwa KRA, na jumla yake ya mwezi inapaswa kukubaliana na leja. Kumbukeni kwamba tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliki kupunguza kodi. Ankara ya manunuzi ya mteja ikipotea katika uhamisho inamgharimu fedha taslimu.

Msianze na wateja wote. Anzeni na kumi, na msichague wepesi. Chukueni shule yenye wafanyakazi wengi, mwenye biashara tatu kwa PIN moja, kanisa lenye vitabu vya mkono, mwenye ploti anayelipwa kwa Paybill. Wakipita hao, wengine watafuata. Kwa mwezi mzima fanyeni mishahara na VAT kwenye mifumo yote miwili, mlinganishe. Ni kazi maradufu na wafanyakazi watalalamika. Wavumilieni, lakini msiiache.

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda mfumo mpya kwa wikendi moja. Data zenyewe zilifika salama. Mfumo uliozipokea ndio ulioshindwa kubeba kazi. Wateja hadi milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 benki hiyo ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Ilikuwa na fedha na wataalamu. Ilichokosa ni majaribio ya kutosha kabla ya kufungua mlango.

Mwezi wa kulinganisha ukiisha, mfumo wa zamani usifutwe. Ufungeni usiandikwe tena, lakini usomeke. Wekeni nakala tatu: moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye diski ya nje inayofungiwa mahali pengine, moja mtandaoni. Stima ya Eastlands mnaijua. Msihamishe chochote bila betri ya kushikilia kompyuta walau mpaka kazi iliyo mkononi iishe.

Nywila na barua pepe

Mteja anapomteua wakala wa ushuru kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, wakala huingia kwa akaunti yake mwenyewe. Ndiyo njia sahihi. Lakini ofisi nyingi hushika nywila ya mteja kwenye daftari, na barua pepe iliyoandikishwa kwenye PIN yake ni ya msaidizi wa ofisi au ya kijana wa saiba aliyemfungulia PIN miaka hiyo. Mwenye PIN hapati arifa hata moja. Nywila ikipotea, anayeweza kuirudisha ni mtu baki.

Muungano ni nafasi ya kulimaliza jambo hili. Pitieni orodha, mteja kwa mteja, mbadilishe barua pepe iwe yake mwenyewe, mumsaidie kuweka nywila mpya anayoijua yeye, kisha awateue kama wakala. Daftari la nywila lisihamie ofisi mpya. Ulizeni pia KRA mapema kuhusu leseni ya wakala: aliyepewa leseni ni yule aliyeiomba, na ofisi mpya yenye PIN mpya si yeye.

Data zikivuja, laptopu ikiibwa kwenye matatu ya Jogoo Road kwa mfano, sheria inawapa saa 72 kumwarifu Kamishna pale palipo na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenye data. Amueni sasa ni nani kati yenu atakayefanya hivyo, kwa sababu siku hiyo kila mmoja atadhani ni mwenzake.

Kumwambia mteja

Sheria inamtaka anayeshika data amjulishe mwenyewe ni nani anaishika na kwa kazi gani. Ujumbe mfupi wa simu, kwa Kiswahili cha wazi, unatosha kuanzia:

"Habari. Kuanzia tarehe 1 Septemba ofisi yetu inaungana na ofisi ya Buruburu. Mhasibu wako ni yuleyule. Faili lako litahamia ofisi ya pamoja ili tuendelee na ritani na mishahara yako, si kwa kazi nyingine. Kama hutaki, tupigie kabla ya tarehe 15 Agosti uje ulichukue. Namba ya kulipia haijabadilika. Ikibadilika tutakueleza ana kwa ana ofisini. Usikubali namba mpya kwa simu wala kwa ujumbe."

Sentensi mbili za mwisho ni muhimu kuliko zote, kwani habari za muungano zikisikika, matapeli nao hupiga simu. Till za ofisi zote mbili ziachwe wazi miezi kadhaa, zisomwe kila jioni.

Na wewe uliye upande wa pili wa meza, mwenye duka au ploti au matatu, una haki katika jambo hili. Ukisikia mhasibu wako anaungana na mwingine, mwombe urari wako uliochapishwa, uuweke nyumbani. Mwulize barua pepe iliyo kwenye PIN yako ni ya nani. Ukiona habari zako zimetumiwa vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku 90. Usingoje bango libadilike. Nenda ukaulize wiki hii.